Sumaku Inayotoka kwa Mkono Mmoja

Simu ya Mbale iliingia Jumatatu saa tatu asubuhi. Rashida aliposikia Kiswahili cha kambi ya wanajeshi upande wa pili, alianza kushuku kabla hata hajaijua habari yenyewe.

"Madam, hii ni Gaster, supavaiza ya kinu. Mtu ameumia."

"Nani? Ameumia vipi?"

"Racheal. Mashine ilikuwa imesimama, mlango wazi, mkono yake iko ndani anatoa pumba. Halafu mashine ikawaka peke yake. Vidole tatu zimevunjika. Iko hospitali tangu Jumamosi. Sensa yako, madam. Sensa yako ilidanganya."

Rashida akasema atafika kesho yake. Akakata simu, akabaki ameishika mkononi. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa maskini binti wa watu. La pili, ambalo aliona aibu nalo lakini halikutaka kuondoka, lilikuwa kwamba huyu askari ana lake jambo na anatafuta wa kumbebesha.

Rashida alikuwa mwanamke wa kushuku, na heri tuseme mapema. Alishuku mizani ya sokoni, alishuku maziwa ya asubuhi, alimshuku fundi aliyemrudishia simu yake upesi kupita kiasi. Waliompenda walisema ni mwangalifu. Wasiompenda, na hawakuwa haba, walisema ana roho ya korokoroni. Kazi yake nayo ilimzidishia tabia. Kwa miaka sita, katika vyumba viwili vya nyumba kuukuu za wafanyakazi wa viwanda pale Walukuba, Jinja, alikuwa akitengeneza vifaa vya kulinda milango ya mashine. Mafundi huviita sensa. Swichi ndogo hufungwa kwenye fremu ya mashine, na sumaku hufungwa kwenye mlango wake. Mlango ukifungwa, sumaku inakuwa karibu na swichi na mota inapata umeme. Mlango ukifunguliwa, sumaku inaondoka na mlango, swichi inakata, mashine inasimama. Hakuna haja ya kumwamini mtu yeyote, na hilo ndilo Rashida alilolipenda.

Tatizo lilikuwa sumaku zenyewe. Zile za nguvu, hata zikiwa ndogo kama kifuniko cha soda, hazina mzaha. Ukiziacha mbili zikaribiane zinarukiana, na kilicho katikati shauri yake. Wifi yake Juwairiya, aliyekuwa akiunganisha sensa hizo, alipoteza ukucha mzima wa kidole cha shahada kwa namna hiyo. Fundi mmoja wa Iganga alijichana kiganja akiibandua sumaku kwa bisibisi ili aisafishe. Siku ya Juwairiya, Rashida alilia. Kisha akafuta machozi, akachukua karatasi na rula, na kwa mwaka mzima akaibuni sensa upya.

Katika sensa mpya, sumaku ilikaa ndani ya kijidroo cha plastiki chenye kishikio. Wakati wa kuunganisha na kusafirisha ilivikwa kofia ya chuma, isiweze kurukia kitu. Wakati wa kusafisha, mtu alizungusha kishikio robo mzunguko, akavuta, sumaku ikatoka kwa mkono mmoja, bila bisibisi, bila kuusogelea mkanda wa mashine. Na kwa kuwa katika vinu vingi swichi ya kuwashia iko nyuma, penye nyaya zilizo uchi, Rashida aliunga umeme kwa namna ambayo sumaku ikirudi mahali pake mota inawaka yenyewe, mtu asilazimike kwenda kule nyuma kubahatisha roho yake. Wenye vinu walifurahi. Katika miezi mitano alikuwa amefunga sensa ishirini na nne, kuanzia Bugembe hadi Mbale, na chama cha wenye vinu kilimwahidi kwamba zikifanya vizuri kwa Mzee Wanyera wa Mbale, wanachama wote watazichukua. Sasa ni kwa Mzee Wanyera huyohuyo vidole vya mtu vilikovunjika.

Rashida aliingia chumba cha nyuma, Juwairiya alikokuwa akikaza skrubu. Alivuta boksi la sensa zilizobaki, akaanza kuzipima moja baada ya nyingine, akizitikisa na kuzitega sikio. Juwairiya alimtazama mpaka akafika ya tano.

"Wifi, ukitaka kuniuliza, niulize. Usinipekue kama polisi wa kizuizini."

"Za Mbale ulizipima?"

"Mara tatu. Daftari lile pale, na sahihi yako iko chini."

Daftari lilikuwa pale, na sahihi yake ilikuwa chini. Rashida akaona haya, lakini haya zake hazikukaa sana kabla hazijamtafutia mtu mwingine wa kumshuku. Mwaka uliopita mwenye kinu mmoja alikamatwa amebandika sumaku ya spika mbovu karibu na swichi, ili mashine izunguke hata mlango ukiwa wazi, akoboe bila kusimamasimama. Swichi haijui sumaku ni ya nani. Inajua kuna sumaku, basi.

"Ameichezea," Rashida akasema. "Yule afande ameichezea ili kazi iende mbio, sasa mambo yamemgeukia."

"Una hakika?"

"Nitakuwa nayo kesho."

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuitaja. Marehemu baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini Jinja miaka ile ya utawala wa wanajeshi, na kila aliposikia Kiswahili cha wenye buti mlangoni alianza kuficha vitu kabla mtu hajaomba chochote. Rashida mwenyewe alikisema Kiswahili sokoni na msikitini, na alikipenda. Kikitoka kinywani mwa mtu aliyewahi kubeba bunduki, mikono yake ilianza kutafuta kitu cha kuficha. Alijua anawaonea watu. Kujua hakukumsaidia kitu.

Kinu cha Mzee Wanyera kilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Tirinyi, banda refu la mabati lenye mashine mbili za kukoboa mpunga. Namba moja ilikuwa kimya tangu Jumamosi. Namba mbili ilinguruma. Pembeni, juu ya turubai pana, wanawake wanane walikaa wakichambua mchele na kushona midomo ya magunia kwa mkono. Mkubwa wao alikuwa Mama Khainza, mtu mzima, mwenye sauti ya chini na macho mekundu ya kukosa usingizi. Rashida aliambiwa kuwa ni shangazi yake Racheal, na kwamba ndiye aliyemlea.

Gaster alimpokea mlangoni. Alikuwa mrefu, mgongo umenyooka, shati limechomekwa vizuri, funguo zikining'inia kwenye mkanda. Jeshi alikuwa ameliacha miaka kumi nyuma, lakini jeshi halikuwa limemwacha.

"Karibu, madam. Pole na safari."

"Pole mpe Racheal," Rashida akajibu, akampita.

Alianza na namba moja. Alifunga mlango, mashine ikawaka. Aliufungua, ikazima. Alirudia mara kumi, tena mara kumi, na sensa haikukosea hata mara moja. Akapiga magoti, akawasha tochi ya simu, akaikagua fremu shibri kwa shibri. Vumbi la pumba lilikuwa limeganda kila mahali isipokuwa sehemu moja. Karibu kabisa na swichi palikuwa na duara safi, ukubwa wa kifuniko cha soda, na rangi ya chuma imekwanguka. Haikuwa alama ya siku moja. Sumaku ilikuwa imebandikwa na kubanduliwa hapo mara nyingi.

Ni vibaya kusema, lakini Rashida alifurahi. Alifurahi mpaka akajisikia mwepesi.

"Afande, hii nini?"

Gaster akainama, akatazama kwa muda. "Sijui, madam."

"Hujui. Unakaa hapa saa ngapi kwa siku?"

"Asubuhi mpaka jioni. Sasa miaka tisa."

"Miaka tisa, na hujui kinachobandikwa kwenye mashine yako."

"Madam, simu ni mimi nilipiga. Kama mimi ndio nachezea, nakuita ya nini?"

Rashida alijijibu moyoni kwamba mtu mjanja ndiye huwahi kupiga simu. Macho yake yalikuwa yameshaona roli ya tepu nyeusi ikichungulia mfukoni mwa yule bwana.

"Na hiyo tepu?"

"Ya waya."

"Ya waya," Rashida akarudia, kama mtu anayeonja maziwa yaliyoanza kuchacha. Akawageukia wanawake. "Nanyi hamkuona mtu akibandika kitu hapa?"

Wanane wote waliinama juu ya mchele. Mama Khainza ndiye aliyejibu, bila kuinua uso. "Sisi tunachambua mchele tu, madam. Mambo ya mashine ni ya afande."

Wanamwogopa, Rashida akawaza. Nani asingemwogopa? Akampigia Mzee Wanyera palepale, Gaster akiwa hatua mbili kutoka kwake, na wala hakupunguza sauti.

"Mzee, sensa ni nzima. Imechezewa. Kuna alama ya sumaku nyingine kwenye fremu, naiona kwa macho yangu. Muulize askari wako."

Mzee Wanyera alivuta pumzi ndefu. "Basi Gaster aorodheshe vitu vya stoo, funguo aziache mezani. Nafika saa nane. Nawe niandikie kwa mkono wako ulichokiona, nikipeleke kwa chama."

Simu ilikuwa na sauti kubwa na Gaster alisikia yote. Rashida alikuwa amejiandaa kwa kelele, pengine hata matusi, na alikuwa na majibu yake tayari. Gaster hakupiga kelele. Alifungua funguo kutoka kwenye mkanda, akazitazama kiganjani, akachukua daftari, akaingia ofisini. Mlango aliuacha wazi, watu wote waone anachofanya humo ndani.

Rashida akageuza ndoo, akakalia, akaanza kuandika. Alikuwa kwenye mstari wa tatu aliposikia mnong'ono kwenye turubai.

"Shazia yangu! Shazia yangu siioni!"

Shazia ni ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na aliyeipoteza alikuwa Ketty, mwanamke mwembamba aliyerudi kazini asubuhi hiyo baada ya wiki nzima msibani Sironko. Kilichomshangaza Rashida ni kwamba wanawake hawakutazama chini kuitafuta. Wote walitazama mlango wa ofisi. Mwaka juzi mteja mmoja alikuta sindano kwenye sahani ya wali, na tangu hapo Gaster, akisikia sindano imepotea, huamuru magunia yote ya siku yafunguliwe na kumwagwa upya. Kazi ya kutwa inarudi mwanzo.

Ketty aliinuka mbio, akaenda moja kwa moja kwenye mashine namba mbili. Akashika kishikio cha sensa, akazungusha robo mzunguko, akavuta. Sumaku ikatoka kwa mkono mmoja, mashine ikatulia. Na katika ile dakika moja ya ujinga wake, Rashida aliona fahari. Mwanamke ambaye hajawahi kushika bisibisi alikuwa ametoa sumaku ya nguvu vile bila hata kukunja uso.

Ketty alirudi kwenye turubai, akaipitisha sumaku juu ya mchele, taratibu, huku na huku. Mara shazia ikaruka kutoka chini ya punje, ikagota kwenye sumaku. Wanawake wakashusha pumzi. Ketty akaichomoa, akaipangusa sumaku kwa pindo la leso lililoloweshwa maji, akarudi mashineni, akanyoosha mkono kuibandika kwenye fremu, pembeni ya swichi.

"Ketty! Usiweke hapo!"

Sauti ile ya chini ya Mama Khainza ilikuwa imepasuka. Ketty aliganda, mkono hewani, akageuka asielewe amekosa nini. Rashida naye alisimama, ile karatasi yake ikaanguka.

"Kwa nini asiweke hapo?"

Macho ya wanawake yakamwendea Mama Khainza.

"Mama Khainza. Kwa nini asiweke hapo?"

Rashida hakuhitaji tena jibu. Alimpokonya Ketty sumaku. Aliwaambia wote warudi nyuma, akaufungua mlango wa namba mbili mpaka mwisho, akamulika tochi kwenye fremu. Hapo pia palikuwa na duara safi. Aliisogeza sumaku karibu, na chuma kikamnyang'anya mkononi, ikagota mahali pake palipozoeleka. Mashine ikanguruma, mkanda ukakimbia, mlango ukiwa wazi kama kinywa. Ni mkono wake mwenyewe uliobandika. Aliibandua haraka, mashine ikasimama.

"Ni mimi," Mama Khainza akasema. Alikuwa amesimama sasa, mikono imeshikana kifuani. "Jumamosi ni mimi. Sindano ilipotea, nikatoa sumaku, nikaipata. Nikapangusa, nikaweka pale. Sikuona mtoto wa kaka yangu amefungua mlango upande ule. Sisi tukisimamisha hivyo, yeye anatoa pumba kidogo, ndio desturi yake. Nikaweka tu, nikasikia analia, nikaibandua mbio."

"Lakini kwa nini pale? Sumaku ina kijidroo chake! Kwa nini msiirudishe kwenye kijidroo?"

Mama Khainza alimtazama kama anayeulizwa swali la mtego. Kisha akanyoosha kidole ukutani. Karatasi ya maelekezo ilikuwa pale, ndani ya plastiki, kama Rashida alivyoibandika kwa mkono wake.

"Racheal alitusomea. Imeandikwa: pangusa sumaku kwa kitambaa chenye maji, iache ikauke, ndipo uirudishe mahali pake. Tukafuata. Sasa itakaukia wapi, madam? Chini kuna vumbi. Kwenye meza inavuta visu. Pale kwenye chuma inakaa vizuri, na ikikaa pale mashine inaendelea na kazi, afande hashtuki. Tukajua ndivyo ulivyoitengeneza. Tukakusifu hata. Tulisema, huyu mama alifikiria kila kitu."

Rashida aliisoma karatasi ile toka mwanzo hadi mwisho, kana kwamba iliandikwa na mtu mwingine ambaye angeweza kumchukia. Maneno yalikuwa yake. Mwezi mzima aliyapima ili mtu asirudishe sumaku ikiwa na maji, ikashika kutu.

"Na Gaster hajui."

"Hajui. Akijua sindano zinapotea namna hii, hatupumui."

"Mkamwacha abebe lawama."

Mama Khainza akainua uso kwa mara ya kwanza. "Wewe ndiye ulimbebesha, madam. Sisi tulinyamaza."

Ketty, ambaye sasa alikuwa ameelewa, aliiokota ile karatasi sakafuni, akaikung'uta vumbi, akamkabidhi Rashida kwa mikono miwili. "Malizia barua yako, madam," akasema kwa upole. "Afande ni mwanamume, alikuwa jeshi, hatakosa pa kulinda. Huyu mama atamwambiaje Racheal kwamba ni mkono wake? Na wewe je, watasema nini juu ya sensa yako? Acha iende tu hivyo."

Rashida akaisoma mistari yake mitatu. Sensa inafanya kazi sawasawa. Kuna alama ya sumaku karibu na swichi. Mtu fulani amekuwa akiibandika hapo. Hapakuwa na uongo hata mmoja. Angeweza kutia sahihi chini yake akarudi Jinja, na chama kingesoma, na kila mtu angemwona Gaster katika lile neno "mtu fulani" bila yeye kumtaja. Alitaka kufanya hivyo. Alitaka sana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimwona mtu ndani ya banda lile aliyestahili kushukiwa.

Alikunja karatasi mara mbili, akaenda ofisini.

Gaster alikuwa akihesabu mipira ya kamba. Hakugeuka.

"Afande," Rashida akasema, kisha akajirekebisha. "Bwana Gaster. Hukufanya kitu. Ni sensa yangu. Nilitengeneza sumaku itoke kirahisi, nisifikirie ikitoka itawekwa wapi. Nikaiunga mashine iwake yenyewe, nikajiona nina akili. Wanawake wanaitumia kutafuta sindano, halafu wanaiweka pale ikauke kama nilivyowaandikia. Mzee akifika nitamwambia mwenyewe. Na nilichosema kwenye simu mbele yako, kilikuwa kibaya. Nilikushuku kabla sijafika hapa. Nisamehe."

Gaster aliandika idadi ya kamba, akapiga mstari chini yake. Rashida alingoja hasira, au angalau nusu ya tabasamu ya mtu aliyeshinda. Alichopata ni swali.

"Zingine ziko wapi?"

"Zingine zipi?"

"Sensa kama hii. Umefunga ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Hapa iko mbili."

Basi. Rashida akamalizia hesabu mwenyewe. Tangu jana asubuhi alikuwa amempekua Juwairiya, amempekua Gaster, amehesabu makosa ya kila mtu kuanzia Walukuba mpaka Mbale, na katika saa zote hizo hakuwa amezikumbuka hata mara moja zile ishirini na mbili zilizobaki, zinazozunguka wakati huo, mikono ya watu ikiwa mlangoni. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Alitoa daftari la wateja mkobani, na Gaster akalichukua, akalifungua, akasoma namba ya kwanza kwa sauti, tarakimu moja moja, kama anayesoma kwenye redio ya jeshi.

Ilikuwa ya Mahad, mwenye kinu cha Buwenge. Alipokea huku mashine ikivuma nyuma yake.

"Madam Rashida! Siku nyingi! Sensa zako hapa tunazisifu kila siku!"

"Mahad, zima mashine zote."

"Nini? Sikusikii vizuri, hii moja inapiga kelele. Ile nyingine imesimama, Akeyo anatoa pumba."

"Akeyo mkono wake uko wapi?"

"Mkono? Uko ndani, madam, si nimesema anatoa pumba? Sumaku ameitoa mke wangu, kuna kisu kimedondokea kwenye mchele..."

"Mwambie atoe mkono!" Rashida alikuwa amesimama, akipiga kelele mpaka wanawake wakaja mlangoni. "Mahad, mwambie Akeyo atoe mkono sasa hivi! Na mkeo asiweke ile sumaku popote, aishike hivyohivyo!"

Simu ikawekwa juu ya kitu kigumu. Walisikia nyayo, walisikia jina likiitwa, Akeyo, Akeyo, na mashine ikivuma vilevile. Gaster alisimama wima, kalamu mkononi. Mama Khainza alikuwa ameshika kizingiti cha mlango kwa vidole vyote kumi. Kisha mvumo ukakatika.

"Nimezima zote," Mahad akasema, akihema. "Kuna nini, madam? Mke wangu amesimama hapa na sumaku mkononi, anaogopa hata kukaa."

"Na Akeyo?"

"Yuko hapa, mzima. Anauliza, wewe ndiye mwenye sensa, arudishe mkono sasa amalizie?"

"Asirudishe," Rashida akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Mwambie asiniamini. Mlango ukae wazi na umeme ukatwe kule nyuma mpaka nije mwenyewe."

Nje, gari la Mzee Wanyera lilipiga honi getini. Hakuna aliyekwenda kufungua. Gaster alishaweka kidole kwenye mstari wa pili wa daftari, akaanza kusoma namba, na Rashida akaibonyeza.